FibroScan na ultrasaundi baada ya dozi ya homa ya ini C: maoni yangu baada ya vipimo vinne

Nilimeza kidonge kimoja kwa siku, chenye sofosbuvir na velpatasvir, kwa wiki 12. Wiki 12 baada ya kidonge cha mwisho nikapimwa damu, virusi havikuonekana. Daktari akaniambia nimepona, nami nikalia pale pale kwenye kiti. Akaniacha nilie kwanza, kisha akasema: "Sasa, mama, tulifuatilie ini lenyewe." Virusi vilikuwa vimeondoka, lakini makovu ya miaka yote ile yalikuwa bado yapo.

FibroScan, yaani kipimo cha mashine kinachopima ugumu wa ini, nimefanyiwa mara nne sasa, katika kliniki mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya dawa, nikapata kilopaskali 14.2 (namba ikiwa kubwa, ini ni gumu zaidi). Kwa mgonjwa wa homa ya ini C, daktari alisema namba hiyo inaashiria ini lililokwisha kusinyaa kwa makovu.

Kipimo chenyewe hakina mateso. Unalala chali, mkono wa kulia unauweka chini ya kichwa ili mbavu ziachane. Mtaalamu anapapasa kwa kidole hadi apate nafasi kati ya mbavu mbili, anapaka jeli (ya baridi kweli, ukiguswa unashtuka), halafu anasimamisha kichwa cha mashine wima na kubonyeza. Unahisi kama mtu amekugonga ubavuni kwa ncha ya kidole. Tk. Kimya kidogo. Tk tena. Mtikisiko huo husafiri ndani ya ini na mashine hupima mwendo wake: kwenye ini gumu hupita haraka, kwenye ini laini hupita taratibu. Wanahitaji angalau vipimo 10 vilivyokubalika, na jibu lako ni namba ya katikati. Dada aliyenihudumia alikuwa akihesabu kwa sauti: "Saba, mama, tulia hivyo hivyo, nane." Dakika 10 hazikuisha. Aliyewahi kuchomwa sindano ya kuchukua kinyama cha ini, kama mimi, ataelewa kwa nini nilitoka pale nikimshukuru Mungu.

Mara ya pili, baada ya dawa, ikawa 10.6. Nilitaka kuwapigia simu ndugu zangu wote. Daktari akanituliza: namba ikishuka mapema hivi, sehemu kubwa ni uvimbe wa ini uliopoa baada ya virusi kuondoka. Makovu huyeyuka polepole, kwa miaka, na kwa wengine hayaishi kabisa. Nashukuru aliniambia ukweli.

Malalamiko yangu ni ya mara ya tatu. Mashine ya kliniki yangu ilikuwa kwenye matengenezo, nikaenda kliniki nyingine. Nilikuwa nimekula saa moja tu iliyopita na hakuna aliyeniuliza. Nikapewa karatasi yenye namba moja: 13.1. Siku tisa sikulala vizuri. Nilijiona narudi nilikotoka. Nilipompelekea daktari wangu ile karatasi, swali lake la kwanza lilikuwa, "Ulikula saa ngapi?" Chakula huongeza damu inayopita kwenye ini, na namba hupanda bila kovu kuongezeka. Inatakiwa ukae angalau saa tatu bila kula. Nikarudia kwenye kliniki yangu, tumbo tupu: 9.1.

Kwa hiyo ukipewa majibu, dai yaandikwe pia vipimo vilikuwa vingapi na vimetawanyika kiasi gani. Mtawanyiko ukizidi asilimia 30 ya namba ya katikati, kwa ini lililokakamaa kama langu, jibu hilo si la kutegemea. Mwenye mwili mnene awekewe kichwa cha mashine kinachomfaa. Mwenye maji tumboni kipimo hiki hakimfai.

Na ultrasaundi ya kawaida sijaiacha. Kwa kuwa nilianzia 14.2, daktari amenipangia kila miezi 6, kwa sababu saratani ya ini inaweza kujitokeza hata baada ya virusi kwisha, na FibroScan haitafuti uvimbe wa saratani. Hapa kliniki yangu naisifu kwa moyo wote. Mtaalamu wa picha hana haraka. Ananiambia nivute pumzi niibane, anapitisha kifaa chini ya mbavu za kulia taratibu, kisha ananigeuzia kioo. Mara ya mwisho alinionyesha ukingo wa ini ulioparuza kama ganda la mti, akasema, "Huu tunaujua tangu mwanzo. Kipya sijaona."

Wao pia, kabla hujapanda kitandani, wanaandika juu ya karatasi ya majibu saa uliyokula mara ya mwisho. Nimeshaandikishwa kwao kwa miezi 6 ijayo.