Majuma 12 na kocha wa kwenye simu: mapitio ya huduma iliyonifikisha kwenye triathloni yangu ya kwanza

Huduma ninayoizungumzia ni mpango wa mazoezi wa majuma 12 unaopatikana kupitia programu ya simu, pamoja na kocha anayejibu maswali kwa ujumbe, uliotungwa kwa ajili ya mtu anayejiandaa kumaliza triathloni ya masafa mafupi kwa mara ya kwanza, yaani kuogelea mita 750, kuendesha baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5, moja baada ya nyingine, huku saa ikihesabu hata muda wa kubadili viatu. Sitaitaja kwa jina, kwa kuwa huduma za aina hii zinafanana sana, na mazuri na mapungufu nitakayoyaeleza yatamfaa yeyote anayetaka kujua aangalie nini kabla ya kulipia. Nilijiandikisha nikiwa mzazi wa watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 3, mwenye kazi ya kutwa, na ambaye kwa muda mrefu mbio zake zote zilikuwa za kumfukuza mtoto asiyetaka kuvaa shati. Nilimaliza kwa saa 1 na dakika 47. Swali ninalotaka kulijibu ni sehemu gani ya kumaliza huko ilitoka kwao, na ipi ilinibidi niihangaikie mwenyewe.

Mipango ya bure imejaa mtandaoni, na mingi ni mizuri, lakini kila niliousoma uliandikwa kana kwamba siku zote 7 za juma ni mali ya anayefanya mazoezi. Ukikosa siku mbili, mpango haukuambii lolote. Unabaki umekodoa macho kwenye jedwali, hujui kama ulipize deni, uruke mbele au uanze upya. Hapa ndipo huduma hii ilipostahili kila nilichoilipia. Ina mazoezi 6 kwa juma, mawili kwa kila mchezo, na kila zoezi limepewa daraja: la msingi, la kusogezwa, au la kuachwa. Mambo yakiharibika, unaacha kuanzia chini kwenda juu bila kujiuliza maswali, na ukibakiza mawili ya msingi tu, juma hilo linahesabiwa kuwa limefanyika.

Inaonekana ni jambo dogo hadi uone linavyofanya kazi. Katika juma la tano mtoto mdogo aliamka na homa Jumatatu usiku, na hadi Alhamisi hakuna mtu mzima nyumbani aliyekuwa amelala saa nne mfululizo. Nilimwandikia kocha kwa aibu, nikiwa tayari nimepanga kufanya mazoezi mawili kwa siku ili kulipa deni. Jibu lake lilikuwa la mistari mitatu: nisilipe chochote, nilale Ijumaa badala ya kukimbia, na Jumamosi nifanye lile moja la msingi, kwa mwendo ambao ningeweza kuzungumza bila kukatika pumzi. Ushauri huo una sababu zake. Mwili hujijenga wakati wa mapumziko, na mtu anayerundika mazoezi juu ya usingizi uliokatika hupata uchovu na majeraha kuliko nguvu. Pia uvumilivu uliojengwa kwa mwezi mzima hauyeyuki kwa siku nne. Hayo yote ningeweza kuyasoma popote, ila nisingeyaamini kama si mtu mwingine kuniamuru niyafuate.

Mazoezi ya msingi yenyewe yamechaguliwa kwa akili. La kwanza ni la kuogelea, kwa sababu kuogelea ni ufundi, na ufundi hupotea usiporudiwa mara kwa mara. La pili ni lile la kuunganisha, ambalo unashuka kwenye baiskeli na kuanza kukimbia papo hapo. Mara ya kwanza nilipolifanya nilidhani nimeumia. Mapaja yalikuwa mazito kama magogo, hatua zikawa fupi kama za mtu anayetembea kwenye matope, na ajabu ni kwamba saa ya mkononi ilionyesha nakwenda kwa kasi kuliko nilivyodhani. Miguu iliyozoea kuzunguka kwenye pedali kwa dakika 50 haigeuki mara moja kuwa miguu ya kukimbia, na dawa yake ni kuizoesha mabadiliko hayo kwa dozi ndogo, dakika 10 zinatosha. Kufikia juma la tisa uzito ule ulikuwa unaniachia baada ya dakika tatu au nne, na siku ya mashindano, nilipowaona wenzangu wakishuka kwenye baiskeli na kushika mapaja kwa mshangao, nilishukuru kimoyomoyo.

Kwa upande wa kuogelea, hata hivyo, nina malalamiko, nayo si madogo. Masomo ya video ya mtindo huru ni mazuri kadiri yanavyokwenda. Yalinifundisha jambo ambalo sikuwa nimelielewa tangu utotoni, kwamba shida ya mwanafunzi wa kuogelea mara nyingi haianzii kwenye kuvuta hewa bali kwenye kuitoa. Ukibana pumzi uso ukiwa majini, hewa chafu hujikusanya kifuani, mwili unapiga kelele unataka pumzi, na ukigeuza kichwa unajikuta unatoa na kuvuta kwa wakati mmoja, ukimeza na maji ya kusindikizia. Nilianza kutoa mapovu taratibu na mfululizo, na ndani ya majuma mawili nikatoka mita 50 hadi mita 300 bila kusimama. Ila video zote zimepigwa kwenye bwawa lenye maji maangavu na mstari mweusi chini. Mashindano yangu yalikuwa kwenye maji ya wazi, kama yalivyo mengi, ambako hakuna mstari, hakuna ukuta wa kushika, na mkono wako unapopita mbele ya miwani unaona kivuli tu. Somo la maji ya wazi lilikuwepo, lakini lilikuwa la aya mbili, na liliwekwa katika juma la kumi na moja.

Juma la kumi na moja ni kuchelewa mno. Nilikwenda kujaribu mwenyewe katika juma la nane, na mwenzi wa mazoezi anayeogelea vizuri kuniliko, kwa kuwa mahali hapo si pa kwenda peke yako. Nilipotumbukiza uso tu, pumzi ikaanza kunikimbia bila mpangilio, jambo ambalo maji baridi humfanyia karibu kila mtu na ambalo hutulia ndani ya dakika moja au mbili ukielea bila kupigana nalo. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Wala sikuwa nimefundishwa kuinua macho kidogo juu ya maji kila baada ya mikono minane hivi ili kulitafuta boya, kwa hiyo nilipotazama nilikuta nimekwenda upande kabisa, nikiwa na bidii zote za mtu anayejua aendako. Nilipomlalamikia kocha alikiri kwamba si mimi wa kwanza, akanitumia maelekezo mazuri sana, marefu, ambayo ni wazi yalikuwa tayari yameandikwa mahali. Kwa nini basi hayamo kwenye mpango?

Kocha mwenyewe ninampa alama za juu. Alijibu ndani ya siku moja au mbili, hakuwahi kunitumia jibu la kunakili, na alikuwa mkavu kwa namna niliyoipenda. Programu inayombeba ndiyo iliyonichosha. Kila zoezi lililokosekana hugeuka kisanduku chekundu, na chekundu hicho hakifutiki, hata kama zoezi hilo lilikuwa la daraja la kuachwa na kocha mwenyewe ndiye aliyesema liachwe. Huduma iliyojengwa juu ya busara ya kuacha inamwadhibu anayeacha. Sijui wanaoandika mazoezi na wanaotengeneza programu wanakaa chumba kimoja au hawajawahi kukutana. Mwisho wa juma la sita mtoto wangu mkubwa, aliyekuwa akichungulia begani, aliuliza kwa upole ni kwa nini nimepata makosa mengi hivyo.

Halafu kuna jumbe za kuhamasisha. Mojawapo ilinisimulia habari za Nicola Spirig wa Uswisi, aliyetwaa dhahabu ya triathloni ya Olimpiki huko London mwaka 2012, akajifungua mtoto mwaka uliofuata, akarudi Rio mwaka 2016 na kupata medali ya fedha, na akashindana tena Tokyo akiwa mama wa watoto watatu na kumaliza wa sita. Ninamstahi mno mwanamke huyo, lakini mazoezi ndiyo yaliyokuwa kazi yake. Kumweka mbele ya mtu anayekimbia saa kumi na moja alfajiri ili awahi kuamsha watoto ni kumpa kipimo kisicho chake. Simulizi iliyonifaa zaidi, na ambayo wameipitia harakaharaka, ni ya triathloni ya kwanza ya zama hizi, iliyofanyika Mission Bay, San Diego, tarehe 25 Septemba 1974. Ilikuwa jioni ya Jumatano, na washiriki walikuwa 46. Mchezo ambao leo unauzwa kwa picha za watu wenye misuli ya chuma ulianza siku ya kazi, jioni, na nilipolifahamu hilo nilijiona nimo mahali pangu.

Sehemu ya baiskeli sina mengi ya kusema. Mpango haukunidai baiskeli ya mashindano, ulinitaka tu niwe na breki zinazoshika, tairi zilizojaa, na nijue kubadili tyubu. Nilibadili tyubu mara tatu sebuleni na sikuwahi kuihitaji njiani.

Mahali pengine palipostahili sifa ni orodha ya eneo la kubadilishia, pale unapoacha kuogelea na kuchukua baiskeli, kisha unaporudisha baiskeli na kuanza kukimbia. Wanakutaka uipange nyumbani sakafuni, utandike taulo dogo, uweke vitu kwa mpangilio wa kuvivaa, na urudie zoezi hilo hadi mikono iende yenyewe. Wanakukumbusha kanuni ambazo mgeni huadhibiwa kwazo: kofia ngumu ivaliwe na kufungwa kidevuni kabla hujaigusa baiskeli, usipande kabla ya mstari wa kupandia, usijibanze nyuma ya baiskeli ya mwingine ili akukinge upepo, kwani katika mashindano mengi ya wasio wa kulipwa hilo ni kosa. Walinishauri pia kamba za viatu zinazovutika, zisizohitaji kufungwa, na kati ya vyote nilivyonunua hicho kidogo ndicho kilichonifaa kuliko vyote. Mwanangu mdogo alijipa kazi ya kusimamia marudio yale. Kila nilipoigusa baiskeli kofia ikiwa haijafungwa alipiga kelele, na siku yenyewe, mikono ikiwa imelowa na kutetemeka, nilisikia kelele zake kichwani na nikaifunga kwanza.

Kuogelea kulinichukua dakika 22. Katikati nilishika ubao wa mwokozi na kupumzika, jambo linaloruhusiwa mradi usisogezwe mbele, na ambalo kocha alikuwa amenisisitizia kwamba si aibu wala si kujitoa. Nilitumia dakika 5 nzima kwenye kubadili mara ya kwanza, kwa sababu soksi haiingii kwenye mguu wenye maji na mchanga hata ukiisihi. Orodha haikusema kitu kuhusu kopo la maji ya kusuuzia miguu. Baiskeli dakika 46, kubadili mara ya pili dakika 2, kukimbia dakika 32.

Kuna gharama moja ambayo huduma hii inaitaja waziwazi, na sijaona nyingine ikifanya hivyo. Kabla ya juma la kwanza unapewa ukurasa wa kujaza pamoja na mwenzi wako, au yeyote anayebaki na watoto: saa unazochukua upande mmoja, saa unazorudisha upande wa pili. Mpango unadai kati ya saa 4 na 6 kwa juma, na saa hizo hazitoki hewani, zinatoka kwa mtu. Sisi tuliandika kwamba Jumapili asubuhi mimi ndiye mwenye watoto, bila simu, na mwenzangu ana uhuru wa kulala au kutoka. Mara mbili nilitaka kuisogeza Jumapili hiyo kwa sababu ya zoezi refu, na mara zote mbili nilionyeshwa ukurasa niliotia sahihi kwa mkono wangu. Bila karatasi ile nadhani ningemaliza mashindano na kurudi kwenye nyumba iliyonuna.

Kwa mtu asiyejua kuogelea kabisa, siwezi kuipendekeza. Amtafute kwanza mwalimu wa kusimama naye majini, kwani video haiwezi kumshika mkono. Anayejua kuelea na kwenda mita 50, ambaye adui yake ni muda, atapata hapa kitu ambacho mipango ya bure haina, mradi ajipangie mwenyewe maji ya wazi kuanzia juma la sita na asingoje kuambiwa. Mimi nimekwishalipia majuma mengine 12. Nimewaandikia kuhusu visanduku vyekundu, wakanijibu kwamba wanalitafakari, na kwa sasa nimezima arifa zote za programu, nikaacha za kocha peke yake.