Kingo za bustani Lubumbashi: chuma kipi ununue kwanza

Udongo wetu mwekundu una tabia mbili. Kuanzia Novemba hadi Aprili umelowa, chuma kinazama kwa kukanyaga tu, na tatizo ni kunata. Ifikapo Julai udongo uleule ni tofali lililokosa tanuri. Ukiukanyagia sepetu, inakurudishia mguu. Mtu anayesoma ushauri wa bustani za Ulaya kisha akaenda dukani na orodha yake atanunua kifaa cha kukatia kingo za majani kwenye udongo ambao hatuna.

Na majani pia si yale. Ukoka, paspalum na kikuyu, tunavyopanda kwenye malupango yetu (viwanja vya nyumba zetu), havikai mahali pamoja. Vinatambaa kwa mashina, mengine juu ya ardhi, mengine chini, na mwezi mmoja wa mvua unatosha kuvifikisha katikati ya tuta la maua au juu ya njia ya saruji. Kwa hiyo kukata ukingo hapa ni kukata mizizi na mashina kwa kina cha sentimita 5 hadi 8, si kupunguza nywele za majani pembeni. Kifaa kisichoingia ardhini kinapamba tu.

Nimepanga vifaa kwa kipimo kimoja: ukiwa na pesa ya kununua kimoja, kipi kitakutumikia mwaka mzima?

Cha kwanza: bamba la nusu mwezi

Ni bamba la chuma lililo bapa kabisa, upana wa sentimita 20 na kidogo, chini limezungushwa, juu limenyooka pa kuweka mguu, na mpini wake umesimama wima. Mviringo ule una kazi yake. Unaanza kuingia kwa sehemu ndogo, kisha unalitikisa kushoto na kulia, nalo linakata polepole bila kuinua udongo. Sepetu ya kawaida imepindika kidogo, ndiyo maana mstari wake hutoka na mawimbi.

Dukani utakuta yanayopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Afrika Kusini, na mengine ya China. Usitazame rangi. Tazama shingo, pale bamba linapokutana na mpini. Shingo ya bati jembamba lililokunjwa na kushikwa kwa ribiti moja itapinda kiangazi cha kwanza. Tafuta shingo ndefu yenye ribiti mbili, au iliyochomelewa pande zote. Kisha pitisha kidole juu ya bamba, mahali pa kukanyagia: pawe pamekunjwa au pamepanuliwa. Makali ya juu yasiyokunjwa yanakula soli ya kiatu, na mtu wa kandambili asikaribie kabisa. Chuma kisichoshika kutu kinasaidia wakati wa matope kwa sababu udongo haugandi sana, lakini mimi nachagua chuma cha kawaida, maana tupa ya kawaida inakinoa kwa dakika chache.

Kuna njia ya pili, na kwa mji wenye mafundi wa kuchomelea kama wetu ndiyo ninayoipenda: agiza. Fundi anayetengeneza milango na vyuma vya madirisha, iwe mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Kampemba, anaweza kukutolea bamba hilo kutoka kwenye chuma kuukuu kilicho bapa. Mwambie upana sentimita 22, unene milimita 3, bomba la kawaida liwe mpini, na kipande cha bomba kulala juu kama herufi T ili mikono miwili ishike. Springi ya gari ni chuma kizuri ila ni nene mno. Asipokuwa na moto wa kuifua iwe nyembamba, iache. Bati la pipa likatae hata akikupa bure.

Mpini wa chuma una faida nyingine ambayo watengenezaji wa mbali hawaifikirii: mchwa. Mji huu umezungukwa na vichuguu, na baadhi viko ndani ya malupango. Mpini wa mti uliolazwa chini nyuma ya nyumba unaweza kuliwa kutoka ndani, wewe unaona rangi tu inang'aa. Ukinunua wa mti, ning'iniza.

Cha pili: makasi ya mpini mrefu

Ukishachonga ukingo wakati wa mvua, kazi ya kiangazi ni kukata majani yanayoning'inia juu ya mfereji wa ukingo huo, bila kugusa ardhi ngumu. Hapo ndipo makasi haya yanapostahili pesa yake, na mgongo unabaki umenyooka. Lakini kuna aina mbili zinazofanana sana. Moja visu vyake vimelala, ni ya kukata majani kwa juu. Nyingine visu vyake vimesimama, ndiyo ya kingo. Simamisha makasi mbele ya muuzaji, yafungue na kuyafunga. Visu vikifunguka juu na chini kando ya ukingo, ndiyo hayo. Hakikisha yana nati ya kukaza, si ribiti. Ya ribiti yakilegea ndiyo basi, yanatafuna majani badala ya kukata.

Cha tatu: mashine ya uzi

Ni ile inayokata majani kwa uzi wa plastiki unaozunguka kwa kasi. Najua wengi wangeiweka juu. Inavutia, inapiga kelele ya maendeleo, na mtunza bustani akiipata jirani wote wanajua. Ukiigeuza kichwa kisimame, uzi unakata wima kando ya njia haraka kuliko mkono wowote. Mtu mwenye kingo ndefu, shule au nyumba ya wageni, ainunue. Kwa lupango la kawaida inakuja baada ya bamba, kwa sababu uzi hausafishi mashina yaliyo chini ya ardhi. Unadumisha ukingo uliokwisha kuchongwa.

Ukiamua kuinunua, chagua ya bomba lililonyooka kuliko ya bomba lililopinda. Ni rahisi zaidi kuiona ncha yake ukiwa umesimama, na kwa kawaida ndiyo imara zaidi. Kabla ya kulipa, uliza kama uzi wa unene wake unapatikana hapa mjini. Mashine ndogo nyingi hutumia milimita 2 hadi 2.4. Uzi mnene kuliko uwezo wa injini unaichosha, na kando ya matofali au saruji uzi wowote unaisha upesi, kwa hiyo bei ya uzi ni sehemu ya bei ya mashine.

Za petroli za mipigo miwili zinakunywa mchanganyiko wa petroli na mafuta ya injini. Soma kitabu chake: ikiandikwa 1 kwa 50, ni mililita 20 za mafuta ya injini za mipigo miwili kwa lita moja ya petroli, ikiandikwa 1 kwa 25, ni mililita 40. Mafuta ya injini ya gari usiyatie. Muuzaji anayekwambia "tia kidogo tu" hajui anachouza. Za betri ni tulivu na hazihitaji kuchanganya chochote, ila hesabu siku ambazo umeme haupo mtaani kwako. Ukiwa na sola nyumbani, swali hilo limekwisha.

Na miwani ya kukinga macho inunuliwe siku hiyohiyo. Njia zetu zina changarawe nyekundu, uzi unairusha kwa nguvu. Gari lisogezwe, watoto waingie ndani.

Vinavyobaki

Sepetu bapa ni ya nne, na pengine tayari unayo. Kwa tuta la maua inafanya jambo ambalo nusu mwezi haifanyi: inainua vipande vya majani vilivyokatwa na kutupa udongo upande wa tuta ili mfereji ukae na mteremko. Kununua mpya kwa ajili ya kingo tu, hapana.

Gurudumu lenye meno, lile la kusukuma kwa mkono, linafaa kando ya saruji iliyonyooka peke yake. Kwenye kona za tuta linapotea, na kiangazi linateleza juu ya ardhi.

Mashine yenye kisu cha chuma kinachozunguka inachonga vizuri kweli, lakini ni ya mtu mwenye viwanja vikubwa. Kisu kikigonga laterite, lile jiwe letu jekundu, kinapata pengo, na kisu kingine kitafutwe. Ukiipata ya kukodi kwa siku moja ya kuanzisha bustani, kodi. Kabla ya kuiwasha, au hata kabla ya kukanyaga nusu mwezi karibu na ukuta, muulize mwenye nyumba bomba la maji la Regideso linapita wapi. Mengine hayakuzikwa chini sana.

Panga liko mwisho. Ndilo linalotumika kuliko yote, mtu amechuchumaa tangu asubuhi, mstari unakwenda kama nyoka, na jioni panga halikati tena hata ugali. Ukimwajiri mtu kazi hii, gharama ya bamba la fundi ni ndogo kuliko siku ulizomlipa akichuchumaa.

Pesa ndogo inayobaki

Nunua tupa bapa, kamba ya mjengo na vigingi viwili. Kamba kwa mistari iliyonyooka. Kwa kona, laza mpira wa maji chini, uupindishe mpaka jicho likubali, kisha fuata pembeni yake. Kama unaanza kiangazi na huwezi kungoja mvua, mwagilia mstari jioni, rudia asubuhi, ndipo ukanyage. Na bamba linolewe upande mmoja tu, ule unaotazama tuta. Upande wa majani ukibaki bapa, ukuta wa ukingo unasimama wima na hauanguki mvua kubwa ya kwanza ikija.