Rodeo ya Marekani: upande fahali au ufunge ndama?

Rodeo ni mashindano ya ustadi wa wachunga ng'ombe. Ama unampanda fahali anayerukaruka, ama unamkimbiza ndama ukiwa juu ya farasi, unamnasa kwa kamba, unashuka na kumfunga miguu. Kwa gharama, fahali anashinda bila ubishi. Mpandaji husafiri na begi moja: kamba yenye kengele, glavu, ulimbo wa kuzuia mkono usiteleze, fulana ya kinga na helmeti. Fahali ni wa waandaaji. Mfunga ndama anahitaji farasi aliyefunzwa kurudi nyuma ili kamba ikaze wakati yeye yuko chini, tena trela, pikapu, nyasi na daktari wa mifugo. Farasi akichechemea, msimu umeharibika. Kiingilio kila mmoja hujilipia, na asiyeshinda haambulii kitu.

Kwenye matokeo, kufunga ndama kwa kamba ni kwa haki zaidi, kwa sababu saa ndiyo inayohukumu. Lakini farasi akiikata mapema kamba ya kuanzia, ile inayomzuia mpaka ndama atangulie, unaongezewa sekunde 10; ndama naye lazima abaki amefungwa miguu mitatu kwa sekunde 6. Juu ya fahali unatakiwa kukaa sekunde 8 kwa mkono mmoja, na mkono huru ukimgusa hupati alama. Nusu ya alama 100 hutokana na jinsi fahali anavyorukaruka, kwa hiyo mnyama mvivu hukuponza.

Halafu mwili. Lane Frost, bingwa wa dunia wa kupanda fahali wa 1987, aliuawa na fahali mjini Cheyenne mwaka 1989, akiwa na miaka 25, tayari amemaliza sekunde zake 8. Trevor Brazile, mtu wa kamba, alifikisha mataji 26 ya dunia na bado alikuwa akishinda baada ya kutimiza umri wa miaka 40.

Kijana asiye na mtaji aanze na fahali, mradi avae kinga. Aliyekulia kwenye ranchi yenye farasi wazuri ashike kamba.