Programu ya viwakilishi vya Kiingereza: nyota tatu, na ya nne nimeinyima makusudi

Niliipakua kwa aibu. Nilimwandikia mkuu wangu wa kazi "between you and I", akanirudishia barua ile na mstari mwekundu chini ya neno moja: I. Wiki tatu sasa, kila usiku maswali ishirini ya kujaza nafasi.

Somo la kwanza ni zuri kweli. Linakuambia umtoe mwenzako kwenye sentensi, kisha usikilize. "They invited Asha and I": mtoe Asha, inabaki "They invited I", na hapo sikio lenyewe linakataa. Kwa between, ambako huwezi kumtoa mtu, wanakwambia uweke us na we uone ipi inakaa. Between us. Basi ni me. Kosa langu la miaka likafa kwa dakika mbili.

Walichokosa ni kumjua mwanafunzi wao. Mimi nimekulia kwenye "mimi" isiyobadilika: mimi na Asha tulikwenda, walitualika mimi na Asha. Ndiyo maana I inatuponyoka popote. Lakini kitenzi chetu kinajua tofauti hiyo tangu zamani. Anakuja, ninamwona: a- ni mtendaji, -m- ni mtendwa. Mtu aliyekuja ni who. Mtu niliyemwona ni whom. Tena hiyo m iko mwishoni mwa him na whom, kama vile wamewekewa Waswahili wasisahau! Nimeligundua hili mwenyewe, si kwenye programu, na tangu hapo nakosa mara chache sana.

Sasa malalamiko. Ukikosea unapata msalaba mwekundu bila maelezo yoyote. "She is taller than me" wanaihesabu kosa, wakati waandishi wazuri wa Kiingereza wanatumia than I na than me, zote mbili. Wanataka pia useme "It is I". Jamani, nani anabisha hodi akajibu hivyo? Ni sarufi sanifu, sawa, lakini anayejifunza aambiwe kwamba watu husema it's me.

Lililonikera zaidi ni swali la 14 katika somo la mwisho: "Give the letter to ___ comes first." Nikachagua whoever. Msalaba. Wao wanataka whomever, kwa sababu kabla yake kuna to. Si kweli. Kinachofuata to ni kishazi kizima, na ndani ya kishazi hicho neno letu ndilo kiima cha comes. Kwa Kiswahili tungesema mpe barua yeyote atakayefika kwanza. Ndiyo, -m- ipo kwenye mpe, lakini atakayefika ina a- yake. Niliwaandikia nikawaeleza hivyo hivyo. Nikajibiwa kwa adabu kwamba jibu lao "limehakikiwa".

Sehemu ya myself ni fupi na inatosha: usiikimbilie kwa kuogopa kuchagua kati ya I na me. Hilo nalo lilinihusu.

Kwa anayeanza, masomo matano ya mwanzo nayapendekeza bila wasiwasi. La mwisho liruke. Mimi bado nalirudia, na kila nikifika swali la 14 nachagua whoever.