Kubeba imbwa mu motokari: nini ununue kwanza, nini uache

Kama unataka kubeba imbwa yako mu motokari, ikuwe ni kutoka Kamalondo kuenda kwa munganga wa nyama ao kutoka L'shi (Lubumbashi) mpaka Kolwezi, kintu ya kwanza ya kununua ni ile itamushika siku utapiga frene ya gafula. Nasema vile juu bantu mingi banaanza na matela ya muzuri, sahani ya kukunja, bintu bya kuchezea, alafu imbwa yenyewe inabaki inatembea-tembea kati ya biti bya mbele na bya nyuma, bwana anaendesha na mukono moya, mukono ingine inasukuma imbwa.

Hesabu ni hii. Motokari yenye kukimbia 50 kwa saa ikigonga kintu na kusimama pale pale, imbwa haisimame nayo, inaendelea na ile mbio yote, na ile mbio ni sawa na kuanguka kutoka metre 10 hivi, etaji ya tatu. Imbwa ya kilo 25. Inakuja ku shingo yako ao ku mutoto mwenye amekaa mbele. Na ku barabara ya Likasi hatuendake 50, tunaenda zaidi, makamio ya mine mbele, makamio nyuma, mara dodane (matuta ya barabara) bila alama yoyote.

Kwa ile njo naweka namba 1 arne ya kifua, ni kusema mikaba ya kuvalisha imbwa ku kifua, yenye inafungwa ku mukaba ya motokari. Ma-IST, Vitz, Ractis, njo motokari tuko nazo huku, nyuma mahali ya mizigo ni kadogo, sanduku kubwa haiingie, lakini arne inaingia kila fasi na bei yake iko chini kuliko sanduku ya nguvu. Ila angalia vizuri, juu mingi yenye inauzishwa ni ya kutembea na imbwa kwa miguu tu, na ile ya miguu ikivutwa na nguvu ya aksida inapasuka. Shika mushono, vuta na mikono mbili, uone kama uzi unafunguka. Bifungio bikuwe bya chuma, sehemu ya kifua ikuwe pana na nene juu nguvu ienee ku mbavu, isikate ku koo. Pima kifua ya imbwa na metre ya fundi wa nguo, nyuma tu ya miguu ya mbele, alafu njo uagize, na ukishamuvalisha bidole bibili bipite chini ya mukaba, si zaidi. Marekani kuko shirika moya, Center for Pet Safety, inajaribu hii mikaba na sanamu ya imbwa mu aksida ya kujaribia, arne ya Sleepypod Clickit Sport ilipita ile majaribio, kwa hiyo kama uko na ndugu mwenye anatoka kule, mutume ile.

Ule kamba kafupi kanaounganisha arne na motokari, usichague yenye inaingia tu ku kifungio kama ulimi ya mukaba, juu imbwa inakanyaga ile kibonyezo nyekundu na mguu na inafunguka bila wewe kuona. Muzuri ni arne yenye mukaba ya motokari yenyewe inapita ndani yake. Na mbele ya kulipa ata franka moya, ingia nyuma ya motokari yako uhakikishe mikaba iko, juu motokari mingi za occasion zimeshonewa bitambaa juu ya biti na bifungio bimefichwa chini, kuna wenye wamekaa nayo miaka bila kubiona. Usimufunge hata siku moya ku kola ya shingo. Hapo unamunyonga.

Namba 2 ni sanduku ngumu, na kwa mwenye Noah, Prado ao pick-up naipandisha namba 1 bila kujiuliza. Imbwa inapaswa kusimama, kugeuka na kulala mule, basi, kubwa zaidi inamugongesha ku kuta. Ya plastiki ya kubebea imbwa mu ndege inasaidia imbwa kidogo ukiiweka chini nyuma ya kiti ya mbele, lakini ya kilo 30 haishikwe na plastiki, kule inatakiwa ya nguvu sana kama ya kampuni Gunner, na ile ni pesa mingi. Soudeur (fundi wa vyuma) wa komini ya Kenya, hapa L'shi, anaweza kukutengenezea ya chuma, nimeona za muzuri, ila mwambie alainishe kila kona na milango ifunguke pande mbili, na uifunge ku motokari na sangle (mukaba ya kufungia mizigo), juu sanduku isiyofungwa ni kombora yenyewe. Mu pick-up, kivuli juu yake ni lazima, na imbwa ya kufungwa shingo tu kule nyuma ikiruka inabaki inaning'inia inje.

Namba 3, kitambaa ya kufunika biti ya nyuma, yenye inafungwa ku vichwa vya biti mbele na nyuma. Inaokoa biti ya motokari na matope, haiokoe imbwa. Nunua nayo arne, si pahali pake.

Grille (wavu ya chuma) ya kutenga mizigo na bantu, namba 4, inakulinda wewe. Kikapu cha wazi cha kuweka imbwa kadogo kiti ya mbele, acha, airbag ikifunguka inamuua.

Weka bido ya mayi na chombo. Mwezi wa 9 na wa 10 jua ya huku munaijua, na motokari yenye kufungwa kukiwa degre 24 inje inafika 34 mu dakika 10, karibu 43 mu nusu saa, na kufungua dirisha kidogo haisaidie. Imbwa haitoke jasho kama sisi, inapumua mudomo wazi tu, kwa hiyo ku peaje (fasi ya kulipia barabara) ao ku soko mutu mumoya abaki naye inje. Yenye inatapika njiani, usimupe chakula masaa 3 ao 4 mbele ya kuenda, uulize munganga wa nyama juu ya maropitant, dawa ya kuzuia kutapika, ibuprofene yenu ya maumivu iacheni mu nyumba, ni sumu kwake.

Ukipanga kupita mupaka ya Kasumbalesa kuenda Zambia, karnet (kitabu) ya chanjo ya kichaa cha imbwa na kibali ya Zambia ya kuingiza imbwa bitafutwe mapema, juu kisha chanjo ya kwanza unapaswa kungojea wiki kazaa.

Ukishapata arne, umuvalishe mu nyumba tu siku za kwanza, akule nayo, alafu muzunguke kartie, alafu Kipushi, kilometre 30, nusu saa ao zaidi na makamio, uone kama analala ao anahema. Akilala, Kolwezi inawezekana.