Trela la Kupigia Kambi Kutoka Karakana ya Katwe

Trela hili la magurudumu mawili, lililoundwa na mafundi wa kuchomelea vyuma huko Katwe, Kampala, lilituhudumia vyema katika safari ya Kidepo, hifadhi ya wanyama iliyo eneo la Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, ingawa barabara za udongo za huko hutikisa kila kisichofungwa sawasawa. Fremu haikupata ufa, na tairi zake zinalingana na za gari, hivyo spea moja hutosha. Fahari yake ni jiko: droo ndefu huvutwa kutoka nyuma ikiwa na plati mbili za gesi, ubao wa kukatia nyanya na nafasi ya sufuria ya posho, yaani ugali.

Hata hivyo, kisanduku cha mtungi wa gesi kilizibwa pande zote, ilhali gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na huhitaji matundu chini ili ikivuja itoke. Tulipolalamika, waliyatoboa bila malipo. Mpira wa mlango wa nyuma ni hafifu mno, na unga wetu ulifika umekuwa mwekundu kwa vumbi. Tangi la maji limekaa juu ya ekseli, kama inavyostahili, kwa kuwa uzito ukielemea nyuma trela huyumba. Bei ni ya haki, ila risiti idaiwe mapema.