Seti ya kuunganishia betri ya pili kwenye vani: chaja nzuri, waya mwembamba

Seti ninayoitathmini huuzwa kwa watu wanaojigeuzia vani wenyewe kuwa gari la kulala safarini. Ndani ya sanduku mna chaja ya ampea 30 inayopokea umeme kutoka betri ya injini na kuupandisha au kuushusha ili uifae betri ya ndani, nyaya mbili za mita 6, nyekundu na nyeusi, kishikio kimoja chenye fyuzi ya ampea 60, vichwa vya shaba vya kubania ncha za nyaya, na kijitabu cha maelekezo. Betri hununuliwa kando. Niliyoifunga mimi ni ya lithiamu aina ya LiFePO4, volti 12.8 na ampea-saa 100, kwa hiyo mengi nitakayoyasema yanahusu betri ya namna hiyo, ingawa chaja inakubali pia betri za asidi na risasi: za maji, za gel na za AGM (ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo).

Sifa zote nazielekeza kwa chaja. Zamani kazi hii ilifanywa na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ambayo injini ikiwaka huziunganisha betri mbili moja kwa moja na kuziacha zigawane umeme kadiri zitakavyo. Wapo mafundi ambao hadi leo hawaambiliki kitu kuhusu rilei, na kwa gari la zamani lenye betri mbili za maji hoja yao ina mashiko. Magari mengi ya siku hizi, hata hivyo, yana altaneta (mashine inayozungushwa na injini ili kuzalisha umeme) inayoongozwa na kompyuta: betri ya injini ikishajaa, volti huachwa zishuke hadi 12.5 hivi ili kuokoa mafuta, na dereva akiachia mwendo hupandishwa ghafla. Kwa volti hizo za chini betri ya lithiamu, inayotaka kati ya 14.2 na 14.6 ili ijae, haitajaa kamwe. Tatizo la pili ni kinyume chake, yaani betri ya lithiamu iliyoishiwa ina ukinzani mdogo mno wa ndani, hivyo ikiunganishwa bila kizuizi huvuta umeme mwingi kiasi cha kuichosha altaneta, hasa injini ikiwa inaunguruma bila gari kutembea, wakati ambapo feni ya kuipoza inazunguka polepole. Chaja inayaondoa yote mawili: inatoa ampea 30 na volti 14.4 bila kuyumba, na haiwaki mpaka ipate ishara ya swichi ya funguo kupitia waya wake mwembamba wa pembeni.

Hupata joto, na hilo si kasoro. Kutoa wati 430 kwa ufanisi wa asilimia 90 maana yake ni kwamba wati zipatazo 48 zinapotea kama joto, kwa hiyo ifungwe wima, mapezi yake yakielekea juu na chini ili hewa ipite, wala isifichwe nyuma ya godoro.

Nyaya ndizo zilizonipa mashaka. Ni za milimita 10 za mraba, na kijitabu kinasema zinatosha. Kwa kutoungua, zinatosha kweli. Lakini ili itoe ampea 30, chaja huvuta kama 38 upande wa injini, na umeme huo unasafiri mita 6 kwenda na mita 6 kurudi, safari inayopoteza takriban volti 0.8 njiani. Altaneta ikiwa imeshusha volti hadi 12.5, chaja inaona 11.7 tu, na kwa kuwa imepangwa ijizime chini ya 12 ili kuilinda betri ya injini, inajizima na kuwaka, inajizima na kuwaka, barabara nzima. Malitimita, yaani kipimo cha umeme, ikiwekwa kwenye terminali za chaja inalionyesha jambo hili waziwazi: volti zinaanguka kila inapowaka na kurudi juu kila inapozima. Nilipoweka waya wa milimita 25 za mraba upotevu ulishuka hadi volti 0.3 hivi na mchezo ule ukakoma. Mwenye vani fupi anayeweza kuukata waya wa seti ubaki mita 2 au 3 hatahitaji kubadilisha chochote.

Kuhusu fyuzi siwezi kuwa mpole. Fyuzi inalinda waya, hailindi chaja, na waya hulindwa kutoka upande ule unaoweza kuusukumia umeme. Hapa mna betri mbili, hivyo panatakiwa fyuzi karibu kabisa na kila betri, ilhali seti inaleta ya upande wa injini peke yake. Kipande kifupi kati ya chaja na betri ya ndani kinabaki wazi, nacho kimeshika betri ambayo ikipigwa shoti inaweza kumwaga maelfu ya ampea kabla kinga yake ya ndani haijakata. Kuiacha fyuzi ya pili nje ya sanduku ni ubahili usio na udhuru, kwa kuwa ni kifaa kidogo sana kulinganisha na chaja.

Vichwa vya shaba ni vizito na vimepakwa bati vizuri. Ukikibana kimoja kwa koleo la majimaji lenye meno ya pembe sita kisha ukakikata katikati kwa msumeno, utaona nyuzi zote zimeshikana kuwa kitu kimoja bila tundu. Ukikipondaponda kwa nyundo, kama kijitabu kinavyoruhusu, utakuta nafasi nyeusi kati ya nyuzi, na hapo ndipo joto na kutu huanzia.

Kijitabu chenyewe kina michoro safi na maandishi machache. Kinaeleza vyema kwamba waya hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho, na kwamba rangi ya bodi ikwanguliwe hadi chuma kionekane ukiifanya bodi kuwa njia ya kurudi. Hakisemi lolote kuhusu raba ya kukinga waya unapopita kwenye tundu la bati, wala kwamba betri ya lithiamu haipaswi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi joto 0, ingawa chaja ina tundu la kuchomeka kihisi cha joto. Kihisi hicho nacho hakimo sandukuni, na anayelala kwenye baridi kali akinunue siku ileile anayonunua seti, isipokuwa kama betri yake ina kinga hiyo ndani.